Marekani imeupa ulimwengu nini? Mahoko nayo ina hesabu yake

Msafiri anayetoka Musanze kwenda Gisenyi huipita Mahoko kabla ya kuteremka kuelekea Nyundo na Ziwa Kivu. Ni kituo cha biashara katika sekta ya Kanama, wilayani Rubavu: soko, maduka yaliyojipanga kandokando ya barabara kuu, mto Sebeya bondeni, na mashamba ya chai ya Pfunda yasiyo mbali. Anayeitaja Washington mahali kama hapo huenda akadhaniwa anazungumzia mambo ya ng'ambo. Sivyo. Nguo zinazouzwa na zisizotakiwa kuuzwa, dawa zilizomo katika vituo vya afya, sauti zilizosikika redioni na zilizonyamaza, na hali ya mpaka wa Goma, vyote vina mkono wa Marekani ndani yake, ama kwa kutenda ama kwa kutotenda.

Tarehe 4 Julai 2026 nchi hiyo inatimiza miaka 250 tangu itangaze uhuru wake, na mjadala kuhusu mchango wake kwa ulimwengu umepamba moto kuliko ilivyozoeleka. Wanaoitetea huanza na mambo yasiyobishaniwa: ndege ya ndugu Wright mwaka 1903, chanjo ya polio ya Jonas Salk mwaka 1955, binadamu kukanyaga mwezini mwaka 1969, intaneti, na mfumo wa satelaiti wa GPS unaomwonyesha dereva alipo. Orodha hiyo ni ya kweli na haina haja ya kurefushwa. Ugumu huanza pale mtu anapouliza mchango huo umemfikiaje mkazi wa Mahoko, kwa bei gani, na nani aliyepanga bei hiyo.

Nguo za kuchagua

Katika masoko ya Rwanda, mitumba huitwa caguwa. Neno hilo ni la Kiswahili, chagua, lililotwaliwa na Kinyarwanda kutokana na desturi ya mteja kuinama juu ya lundo na kujichagulia. Si jambo dogo kwa lugha ambayo Bunge la Rwanda liliipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017 tu: ilikuwa imeshaingia sokoni miaka mingi kabla ya kuingia bungeni.

Sehemu kubwa ya nguo hizo huanzia safari yake Marekani. Mwananchi wa kule hulitoa shati asilolivaa tena kwa shirika la hisani. Shirika huuza nguo chache katika maduka yake, na zilizobaki hununuliwa kwa uzito na makampuni yanayozichambua, kuzifunga marobota na kuzipakia melini. Njiani sadaka hugeuka bidhaa. Robota likifika Mombasa au Dar es Salaam huwa lina bei yake, na mfanyabiashara hulinunua bila kulifungua, akimwachia Mungu yaliyomo.

Kwa familia yenye kipato kidogo, nguo hizo zilikuwa nafuu ya kweli. Suruali imara iliyoshonwa vizuri ilipatikana kwa fedha ambazo zisingetosha kununua kitambaa kipya. Kwa viwanda vya nguo vya Afrika Mashariki, zilikuwa pigo. Viwanda vingi vya eneo hili vilidhoofika katika miaka ya 1980 na 1990, na ingawa mitumba haikuwa sababu pekee, ilishindana nao kwa bei ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuifikia, kwa kuwa mwenye nguo wa kwanza alikuwa ameitoa bure.

Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliokutana Arusha waliafikiana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua katika muda wa miaka mitatu. Rwanda haikungoja. Katikati ya mwaka huo ilipandisha ushuru wa nguo zilizovaliwa kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, yaani zaidi ya mara kumi.

Mwaka uliofuata, chama cha wafanyabiashara wa mitumba cha Marekani kiitwacho SMART kilifikisha malalamiko kwa ofisi ya mwakilishi wa biashara wa nchi hiyo, kikidai kwamba ajira 40,000 za Wamarekani zilikuwa hatarini. Chombo kilichotumika kuijibu Afrika Mashariki kilikuwa AGOA, sheria iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton mwezi Mei 2000, inayoruhusu bidhaa nyingi za nchi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulichanganya. AGOA si mkataba. Rwanda haikuwahi kuketi mezani na kuutia saini, kwa kuwa ni sheria ya Marekani iliyopitishwa na Bunge la Marekani, na masharti yake yamewekwa na upande mmoja. Mojawapo ya masharti hayo ni kwamba nchi inayonufaika iwe inaondoa vikwazo dhidi ya biashara ya Marekani. Kisheria, basi, Washington haikukiuka chochote ilipotishia kuufunga mlango. Mlango ulikuwa wake tangu mwanzo. Wanaoilaumu husema hilo ndilo tatizo lenyewe: fadhila inayoweza kuondolewa siku mpokeaji anapoamua jambo la nyumbani kwake inakaribia kuwa hatamu.

Kenya, yenye viwanda vinavyoajiri maelfu ya watu kwa ajili ya soko la Marekani, ilirudi nyuma mapema. Uganda na Tanzania zikafuata. Rwanda ilibaki peke yake, na Rais Paul Kagame akaeleza kwamba nchi yake ingekubali kubeba gharama ili ijenge viwanda vyake. Machi 2018 Rais Donald Trump alitoa notisi ya siku 60, na mwishoni mwa Julai mwaka huo mavazi ya Rwanda yakaondolewa katika msamaha wa ushuru. Kwa hesabu ya ofisi ya biashara ya Marekani yenyewe, uamuzi huo uligusa mauzo ya takriban dola milioni 1.5 kwa mwaka, karibu asilimia 3 ya bidhaa zote ambazo Rwanda iliziuza huko.

Ujasiri wa Kigali usitiwe chumvi: ilikuwa rahisi zaidi kusema hapana kwa nchi iliyokuwa na kidogo cha kupoteza kuliko kwa Kenya. Lakini nayo Marekani haiwezi kusema ilikuwa inalinda utajiri. Milioni moja na nusu kwa uchumi wa ukubwa wake ni chembe ya mchanga. Ilichokuwa inalinda ni mfano, ili jirani asijifunze.

Matokeo yake hayakumpendeza kila mtu upande wowote. Viwanda vya mavazi vilifunguliwa Kigali, vingine kwa mtaji wa Kichina, na nguo mpya za bei nafuu kutoka China zikajaza sehemu ya pengo. Caguwa haikutoweka. Goma iko hatua chache tu ng'ambo ya mpaka, na huko marobota huuzwa bila ushuru wa Rwanda. Rubavu ina hata jina la watu wanaozivusha kwa magendo, abacoracora, na polisi hutangaza mara kwa mara kuwakamata na marobota yao. Hivyo shati lililotolewa sadaka katika mji fulani wa Marekani huweza kuishia mgongoni mwa kijana anayekwepa doria usiku katika vilima vya Rubavu. Sheria iliyoyasababisha hayo yote, AGOA, ilifikia ukomo wa muda wake tarehe 30 Septemba 2025, na tangu hapo uhai wake umekuwa ukitegemea maamuzi ya Bunge la Marekani.

Mto uliovunja kingo

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, Sebeya ilifurika. Mvua kubwa ilinyesha katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, maporomoko yakafukia nyumba, na zaidi ya watu 130 wakafariki nchini Rwanda. Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi, na nyumba na biashara za Mahoko zilivamiwa na maji na matope. Siku iliyofuata maafa makubwa zaidi yaliikumba Kalehe, ng'ambo ya Ziwa Kivu nchini Kongo, yakaua mamia.

Mjadala wa mchango wa mataifa makubwa hauwezi kuliruka jambo hili, kwa sababu Marekani peke yake imetoa takriban robo ya hewa ya kaboni yote iliyotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu mapinduzi ya viwanda. Hakuna nchi iliyotoa zaidi kwa jumla, ingawa China sasa huitangulia kwa utoaji wa kila mwaka. Mnyarwanda wa kawaida ni miongoni mwa watu wanaotoa kidogo kabisa.

Hata hivyo, ushahidi wa mafuriko ya Mei 2023 una tundu linalostahili kutajwa. Kundi la wanasayansi wa kimataifa wanaochunguza uhusiano wa majanga na mabadiliko ya tabianchi, World Weather Attribution, liliyapima mafuriko ya Rwanda na Kalehe, na likashindwa kutoa jibu. Hawakusema kwamba tabianchi haihusiki. Walisema takwimu za mvua za eneo la Kivu ni chache mno kuweza kupima. Umaskini wa vituo vya hali ya hewa uligeuka kuwa umaskini wa ushahidi. Anayedai fidia kwa ajili ya Sebeya angefika mahakamani mikono mitupu, si kwa kuwa hana haki, bali kwa kuwa hakuna aliyeihesabu mvua yake kwa miaka ya kutosha.

Kuhusu fidia, takwimu inajieleza. Mfuko wa kufidia hasara na uharibifu ulipozinduliwa Dubai mwishoni mwa 2023, Marekani iliahidi dola milioni 17.5, kiasi kilichoshangaza wengi kwa udogo wake. Machi 2025 ikajiondoa katika bodi ya mfuko huo. Katika bonde la Sebeya lenyewe, kazi ya kukarabati miteremko na kudhibiti maji imefadhiliwa kwa sehemu na Uholanzi, nchi ndogo inayojua maana ya kuishi chini ya maji.

Dola 8,500 kwa saa

Hakuna ukurasa mzito zaidi katika hesabu ya Marekani na Rwanda kuliko ule wa 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza tarehe 7 Aprili mwaka huo, Washington ilikuwa bado na kidonda cha Mogadishu, ambako wanajeshi wake 18 walikuwa wameuawa miezi sita kabla. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, likiungwa mkono na Marekani, lilipitisha azimio la kukipunguza kikosi cha UNAMIR hadi watu 270. Maafisa wa Marekani walipoulizwa na waandishi wa habari, walilikwepa neno lenyewe. Ilifika mahali msemaji wa serikali akajikuta anatofautisha kati ya mauaji ya kimbari na vitendo vya mauaji ya kimbari.

Kwa watu wa redio kuna kisa kimoja kisichosahaulika. Redio RTLM ilikuwa ikitangaza majina na maficho ya watu, na lilitolewa pendekezo kwamba ndege ya Marekani yenye mitambo ya kuvuruga mawimbi iinyamazishe. Waraka wa ndani wa Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo wa tarehe 5 Mei 1994 ulilikataa wazo hilo, ukieleza kwamba halingefaa, na kwamba kuirusha ndege hiyo kungegharimu karibu dola 8,500 kwa saa. Wiki za baadaye serikali ya muda iliyosimamia mauaji ilihamia Gisenyi, na RTLM nayo ikatangaza kutoka huko hadi mji ulipotwaliwa na RPF katikati ya Julai.

Kisha Marekani ikaja. Si Kigali kusimamisha mauaji, ambayo yalikuwa yamekwisha, bali Goma, ambako mamia ya maelfu ya wakimbizi walikuwa wamevuka kwa siku chache na kipindupindu kuua maelfu kwa maelfu. Wanajeshi wake walileta mitambo ya kusafisha maji katika operesheni iliyotangazwa na Clinton tarehe 22 Julai. Maji hayo yaliokoa maisha. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba miongoni mwa waliookolewa walikuwamo wauaji waliobeba silaha zao kambini, na kwamba meli za anga zilizoonekana haziwezekani mwezi Mei zilipatikana mwezi Julai.

Clinton alitua Kigali tarehe 25 Machi 1998, akakaa saa chache uwanja wa ndege, na kukiri kwamba jumuiya ya kimataifa haikutenda kwa haraka ya kutosha wala haikuuita uhalifu huo kwa jina lake. Kwa wengine hayo yalikuwa maneno yasiyogharimu kitu. Kwa wengine, kauli ya rais wa taifa kubwa inayokiri hivyo mbele ya manusura ilikuwa na uzito wake, hasa ikikumbukwa kwamba Ufaransa ilichukua hadi Mei 2021 kusema kupitia Rais Emmanuel Macron kwamba inatambua wajibu wake, na hata hapo bila kuomba radhi waziwazi.

Dawa, na siku zilipositishwa

Wanaosema Marekani imefanya mengi mema wana hoja yao yenye nguvu zaidi katika afya. Januari 2003 Rais George W. Bush alitangaza mpango wa PEPFAR wa kupambana na UKIMWI, na Rwanda ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuingizwa. Wakati huo kugunduliwa na virusi kulikuwa karibu sawa na kuhukumiwa kifo kwa mtu asiye na fedha. Serikali ya Marekani hukadiria kwamba mpango huo umeokoa maisha ya watu wapatao milioni 25 duniani. Kuna pia mchango wa watu binafsi: daktari Paul Farmer, aliyesaidia kuijenga hospitali ya Butaro kaskazini mwa Rwanda, alifariki dunia hapo hapo Butaro Februari 2022. Vilevile kampuni ya Marekani ya Zipline ilianza mwaka 2016 kusafirisha damu kwa ndege zisizo na rubani kutoka Muhanga, kazi ambayo haikuwa imefanywa kwa kiwango hicho hata huko kwao.

Kwa hiyo tarehe 20 Januari 2025 haikuwa habari ya mbali. Trump alisitisha misaada ya nje siku aliyoapishwa. Baadaye kibali maalumu kilitolewa kwa ajili ya dawa za kuokoa maisha, lakini mwezi Machi serikali yake ikatangaza kufuta asilimia 83 ya miradi ya USAID, na tarehe 1 Julai shirika hilo lililoanzishwa mwaka 1961 likaacha kufanya kazi. Mtu anayemeza kidonge kila siku ili aishi alitambua kwamba maisha yake yalikuwa yanategemea bajeti ya nchi ambayo hapigi kura. Desemba 2025 Rwanda na Marekani zilitia saini makubaliano ya afya ya miaka mitano, ambayo yanaitaka Rwanda ibebe sehemu kubwa zaidi ya gharama. Wapo wanaoliona hilo kuwa kutelekezwa, na wapo wanaoliona kuwa ndiyo hatua iliyochelewa; haiwezekani kulikataa kabisa lolote kati ya hayo mawili.

Kwa wasikilizaji wa Kiswahili kulikuwa na hasara nyingine. Katikati ya Machi 2025, Sauti ya Amerika, iliyotangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1962 na kwa Kinyarwanda na Kirundi tangu 1996, ilinyamazishwa na serikali iliyoifadhili. Wakosoaji wake walikuwa wakiiita chombo cha propaganda. Lakini aliyezoea kupata habari za Kongo na Burundi kupitia masafa hayo hakupewa chombo kingine badala yake.

Mpaka

Kongo ina kumbukumbu ndefu zaidi. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, iliingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Uchunguzi wa Baraza la Seneti la Marekani mwaka 1975 ulithibitisha kwamba shirika la ujasusi la CIA lilikuwa limepanga kumuua Patrice Lumumba kwa sumu, ingawa aliuawa kwa mikono mingine Januari 1961. Mobutu, aliyeungwa mkono na Washington kwa miongo, aliitawala nchi hadi 1997. Anayezungumzia mchango wa Marekani katika demokrasia huulizwa maswali haya Goma kabla hajamaliza sentensi.

Ndiyo maana mapatano ya Washington yalipokelewa kwa matumaini na mashaka kwa pamoja. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipoiteka Goma, makombora yaliangukia Rubavu na kuua raia. Tarehe 27 Juni mawaziri wa mambo ya nje wa Rwanda na Kongo walitia saini mkataba wa amani mbele ya Marco Rubio, na tarehe 4 Desemba marais Kagame na Tshisekedi wakafanya hivyo mbele ya Trump. Mapatano hayo yanaambatana na mipango ya kiuchumi inayoyapa makampuni ya Marekani nafasi katika madini ya ukanda huu, ikiwemo koltani.

Kuna wanaosema amani yenye maslahi ndani yake hudumu zaidi kuliko amani ya huruma, kwa sababu mwenye maslahi harudi nyumbani mapema kama UNAMIR ilivyorudishwa. Wengine hujibu kwamba mwenye kutafuta madini hulinda migodi, na Mahoko haina mgodi. Tarehe 10 Desemba, siku sita baada ya sherehe ya Washington, M23 waliingia Uvira. Marekani ilisema makubaliano yamekiukwa na kuilaumu Rwanda, nayo Rwanda ikaitupia Kongo lawama, na wafanyabiashara wadogo wa Rubavu wakaendelea kuamka alfajiri kutazama kama mpaka wa Goma umefunguliwa.